Rangi Inapokuwa Ukuta: Somo la Jikoni Kutoka Vitengeni

Huenda nyumba yako ni miongoni mwa zile zinazojengwa siku hizi, ambazo jikoni na mahali pa kulia ni chumba kimoja. Ukiingia, upande huu kuna sinki na jiko la gesi. Hatua tatu mbele ipo meza ya kulia, na katikati hapana ukuta. Mgeni aliyeketi mezani anaona kila sufuria ambayo haijaoshwa. Mtoto anayeandika kazi ya shule yuko karibu na mafuta yanayochemka. Bila shaka umewahi kujiuliza: nitapapamba vipi mahali hapa ili jikoni pabaki jikoni, mezani pabaki mezani, na pote pawili papendeze?

Yako magazeti ya kigeni yenye picha za kuvutia yanayojibu swali hilo, ila aghalabu majibu yake huhitaji mfuko mzito. Leo tunakualika ulitafute jibu mahali ambapo wengi hawangedhania: Vitengeni, katika eneo bunge la Ganze, kaunti ya Kilifi. Huko watu wamepika na kula pasipo ukuta wa katikati tangu enzi za mababu, na wanalijua jambo ambalo mafundi wa mijini hutoza pesa kulifundisha. Pasipokuwa na ukuta, rangi ndiyo ukuta.

NJIA YA BARA

Ukitoka Mombasa, fuata barabara kuu ya Malindi hadi mji wa Kilifi, mwendo wa kilomita zipatazo 60. Hapo watalii huendelea mbele kuelekea Watamu na Malindi. Wewe ipe bahari kisogo, panda gari la Ganze, kisha usonge mbele hadi Vitengeni. Kati ya Vitengeni na bahari umelala Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 za mraba hivi, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kadiri unavyoingia bara ndivyo rangi zinavyobadilika machoni pako. Ile samawati ya bahari na weupe wa kuta za matumbawe huachwa nyuma. Minazi hupungua, na miembe, mikorosho na vichaka vya miiba hushika nafasi yake. Udongo hapa ni mwekundu, pale ni wa kijivu, kwingine ni mchanga mweupe. Wakati wa kiangazi nchi nzima huwa ya kahawia. Mvua ikinyesha vizuri, siku chache baadaye kila kitu huwa kijani. Lakini mvua ya huku haiaminiki, na njaa imewahi kubisha hodi zaidi ya mara moja. Liweke jambo hilo la maji akilini, kwa maana ndilo litakalotueleza kwa nini rangi fulani huwekwa mahali fulani.

Wenyeji wengi wa Vitengeni ni Wagiriama, kabila lililo kubwa zaidi kati ya yale tisa ya Mijikenda. Nyumba yao ya kale iliezekwa kwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu kugusa ardhi, na moto uliwaka ndani. Juu ya moto palikuwa na uchaga wa kuwekea mahindi, ili moshi uwafukuze wadudu. Siku hizi utaona zaidi nyumba za pembe nne, za fito na udongo au za matofali, zenye paa la makuti au la mabati. Hata hivyo, katika miji mingi, au mudzi kama Wagiriama wanavyouita mji wa ukoo, jiko bado ni kibanda chake peke yake, na chakula huliwa uani penye kivuli.

SAKAFU INAYOSEMA

Utazame kwa makini uani pa namna hiyo. Mafiga matatu yako chini ya kibanda ambacho upande wake mmoja uko wazi. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mwembe au mwarobaini, unatandikwa mkeka na watu wanakaa kula sima kwa mchicha wa nazi. (Mwarobaini, kwa taarifa yako, huitwa pia mkilifi.) Kati ya moto na mkeka hakuna kizuizi chochote. Walakini hata mtoto anayejifunza kutembea hupajua mahali jiko linapoishia.

Atakosaje kupajua, ilhali ameandikiwa chini? Kuzunguka mafiga, ardhi ni nyeusi kwa majivu na masizi. Baada yake ni udongo mtupu uliofagiwa kila asubuhi, wenye rangi yake ya asili. Halafu ni mkeka, wenye mistari ya rangi za kupikwa. Nyeusi humwambia mtoto asikaribie, udongo mtupu ni njia ya kupita, na mkeka ni mahali pa kukaa. Mama anachohitaji ni kumwambia mwanawe asikanyage peusi, na mtoto ataelewa kabla hajaweza kuhesabu hatua.

Hili si pambo tu. Watoto wengi huungua kwa maji moto, uji na mafuta, na wengi wao huunguzwa nyumbani, karibu na mahali pa kupikia. Nyumba ya mjini isiyo na ukuta wa katikati ina hatari ile ile, kwa sababu hakuna mlango wa jikoni wa kufunga. Basi kabla hujanunua mkebe wa rangi kwa ajili ya kuta, ianze kazi yako chini. Weka vigae vya rangi iliyokolea mbele ya jiko, kiasi cha hatua moja na nusu kutoka lilipo. Kama huwezi kubadili sakafu, weka ukanda wa rangi nyekundu au nyeusi unaoonekana wazi. Kisha uwafundishe watoto kwamba huo ndio mpaka.

RANGI TATU ZA NYUMBANI

Jikoni mwa Vitengeni mna rangi tatu ambazo hazinunuliwi kwa bei kubwa: wekundu wa udongo, weupe wa chokaa na weusi wa masizi. Si ajabu kwamba rangi hizo hizo tatu ndizo zenye heshima kubwa katika mila za Wamijikenda. Ziko katika nguo za shughuli za kimila: bendera nyekundu, bafta nyeupe na kaniki. Ziko pia katika kisutu, ile leso ya kale ambayo bibi harusi wa pwani lazima awe nayo. Rangi hizi zimekaa pamoja muda mrefu hata macho yetu yamezizoea kama ndugu wa tumbo moja. Ukizitia katika chumba kimoja, hazigombani.

Wekundu wa udongo hutokana na chuma kilichoshika kutu ardhini. Ndiyo maana haupauki upesi juani, tofauti na rangi nyingi za dukani. Udongo huo ukichekechwa, ukaloweshwa na kupakwa kwa mkono au kitambaa, huacha ukuta laini wenye joto la macho.

Chokaa nayo ina historia ndefu pwani. Matumbawe yalichomwa kwa kuni hadi yakawa unga, unga ukaloweshwa maji, ukapakwa ukutani. Ukishapakwa, huvuta hewa ya kaboni na polepole hugeuka tena kuwa jiwe. Ndiyo sababu katika Magofu ya Gede, upande wa pili wa msitu tulioutaja, bado utaona plasta ya chokaa katika kuta za mji uliohamwa karne nyingi zilizopita. Chokaa ya leo hupatikana dukani katika mifuko. Ni rahisi, huzuia ukungu, na inarudisha mwangaza vizuri. Ukiichanganya na bluu kidogo ya kufulia, weupe wake hung'aa zaidi. Ukizidisha bluu, unapata samawati ya kupendeza. Ila jihadhari, chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Vaa glavu, na usimpe mtoto brashi.

Sasa tazama chokaa inapowekwa. Jiko la fito na udongo mara nyingi halina dirisha kubwa. Ukuta unaofaa kupakwa chokaa kwanza ni ule unaoelekeana na mlango au upande ulio wazi, kwani ndio unaopokea jua na kulirudisha mikononi mwa mpishi. Anayechagua mchele au kupepeta mahindi anahitaji mwangaza huo. Katika nyumba yako ya mjini, fanya vivyo hivyo: rangi yako nyeupe kuliko zote iende kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, wala si kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe.

UKUTA MWEUPE HAUDANGANYI

Kuna akina mama wanaouogopa weupe jikoni wakisema huchafuka upesi. Ni kweli, tena hiyo ndiyo faida yake. Ukuta mweupe ulio karibu na moto ukiwa mweusi baada ya mwezi mmoja, usiulaumu ukuta. Moshi uliofika hapo umepita kwanza puani mwa mpishi na mwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020. Ukuta uliopakwa rangi ya kuficha masizi hauwezi kukuonya. Ule mweupe hukuonya kila siku.

Kwa hiyo, ukiona masizi yanapanda, usikimbilie brashi. Kwanza ongeza tundu la kutokea moshi, inua paa upande mmoja, tumia kuni kavu, au sogeza moto mahali penye hewa. Hata jikoni mwenye gesi, umanjano wa mafuta unaojitokeza juu ya jiko hukwambia kwamba dirisha halifunguliwi vya kutosha. Kama mpishi na walaji wako chumba kimoja, kinachomdhuru mmoja huwafikia wote.

MAJI HUCHAGUA RANGI

Kuna jambo jingine utakaloliona katika nyumba nyingi za udongo za pwani. Ukuta umepakwa rangi nyeupe au ya udongo juu, lakini chini, kutoka ardhini hadi usawa wa goti, kuna mkanda wa rangi iliyokolea. Mvua ikinyesha hurusha matope ukutani, kuku huparura, na watoto huegemeza nyayo zao. Mahali ambapo maji huchotwa mbali na kubebwa kichwani, hakuna mama atakayekubali kuosha ukuta kila wiki. Ndipo mkanda mweusi au mwekundu unapopokea uchafu wote, na sehemu ya juu ikabaki safi.

Mjini nako matope hayapo, lakini viti vya kulia vipo. Nenda ukatazame ukuta ulio nyuma ya meza yako, utaona alama za viti, viatu na mikono yenye mafuta. Paka sehemu hiyo ya chini rangi iliyokolea, kama ile ya udongo wa Vitengeni, hadi kimo cha mgongo wa kiti. Juu yake paka nyeupe. Mkanda huo uuendeleze mpaka upande wa jikoni, chini ya makabati. Macho yatauona kama mkeka mmoja uliozunguka chumba, na sehemu zako mbili zitakuwa zimeungana bila kuchanganyika.

Je, kila rangi itumike kwa kiasi gani? Mafundi wa mapambo wana kanuni yao maarufu: sehemu sita za rangi tulivu, tatu za rangi ya pili, na moja ya rangi kali. Tazama tena ule uani, utaiona kanuni hiyo ingawa hakuna aliyeipima. Udongo umechukua sehemu kubwa, chokaa na majani ya mti yamefuata, kisha leso ya mama na mistari ya mkeka ndiyo rangi kali. Kosa la nyumba nyingi za mjini ni kuanza na ile moja: kuta zote zinapakwa chungwa linalowaka, halafu mwenye nyumba anashangaa mbona chakula hakipendezi mezani. Chakula nacho kina rangi. Weupe wa sima, kijani cha mchicha, umanjano wa embe na wekundu wa nyanya vyote huonekana vizuri palipo na utulivu nyuma yao.

Kabla ya kuamua, paka kipande cha futi moja karibu na dirisha, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Taa yenye mwanga wa manjano huongeza joto la nyekundu na kufifiza samawati. Yenye mwanga mweupe hufanya kinyume. Mtu anayekula zaidi usiku achague rangi yake usiku.

HATARI NDANI YA MKEBE

Inafaa tukumbushane jambo zito. Wataalamu wa madini wameandika kwamba ardhi ya Vitengeni ina mawe ya baraiti pamoja na madini ya risasi. Yote mawili yana uhusiano na rangi. Baraiti ni jiwe zito ambalo husagwa na kutiwa katika rangi ili kuiongezea uzito, na halina madhara ya sumu kwa kuwa haliyeyuki mwilini. Risasi ni hadithi nyingine. Kwa miaka mingi viwanda duniani viliitumia kutengenezea rangi nyeupe, na baadaye nyekundu, chungwa na manjano, hasa katika rangi za mafuta.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto ndiye huumia zaidi, kwa sababu hushika vumbi na magamba ya rangi kisha akatia vidole kinywani, na risasi huharibu ubongo unaokua. Watu wa pwani wanaujua uchungu huo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao ulipingwa kortini kwa miaka kadhaa baadaye.

Kiwango cha Kenya sasa hakiruhusu rangi izidi sehemu 90 za risasi katika milioni. Hivyo ununuapo, soma mkebe, uliza kama hauna risasi, na jikoni upendelee rangi ya maji kuliko ya mafuta. Ukikuta rangi kuukuu inayobanduka karibu na meza, usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto wakiwa nje, ufute vumbi kwa kitambaa kibichi na kukitupa. Chokaa haitiwi risasi kama rangi hizo, na hiyo ni sababu moja ya kutoona haya kwa kuitumia.

KWA WAPANGAJI

Najua wengi mnaosoma hapa ni wapangaji, na mwenye nyumba hataki hata msumari. Wanafunzi nao wana chumba kimoja ambamo wanapika, wanakula na kulala. Kwenu ninyi uani pa Vitengeni pana somo zuri zaidi, kwani mpaka unaohamishika ni mkeka. Mkeka wa ukindu au wa miaa ya mkoma, uliosukwa kwa vipande vilivyochemshwa katika rangi, ukitandikwa chini ya meza hupageuza hapo kuwa mahali pa kulia. Ukiuondoa, nafasi inarudi.

Leso nayo huja mbili mbili. Moja itandike mezani, ya pili itundike kama pazia kwenye rafu za vyombo. Rangi moja itaonekana pande zote mbili za chumba, na macho yataziunganisha. Chagua ya pamba, na usiitundike mahali ambapo upepo unaweza kuipeleka kwenye moto. Soma na jina lake kabla hujaitundika; wageni wako hakika watalisoma, na maneno ya kusutana si ya mezani.

KISICHOTUNDIKWA

Kuna pambo moja kutoka nchi hii ambalo nakuomba usilitake kamwe. Huenda umeviona vigango pichani, zile nguzo ndefu za mbao zenye pembetatu zilizochongwa na kupakwa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Rangi zake huvutia, na kwa sababu hiyo vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, vikasimamishwa katika vyumba vya watu kama sanamu. Ukweli ni kwamba kigango husimamishwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Hakihamishwi na mtu mwingine. Mwaka 2007 viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa Kilifi kutoka Marekani, na mwaka 2019 vingine 30 kutoka jumba la makumbusho la Denver vilirejea nchini. Zichukue rangi zake tatu, lakini kigango chenyewe kiache mahali pake kwa wenyewe.

ANZA NA KIDOGO

Usijaribu yote kwa siku moja. Wiki hii weka mpaka sakafuni mbele ya jiko. Mwezi ujao paka nyeupe ule ukuta unaotazamana na dirisha, na uuchunguze kama utapata masizi. Ukipata nafasi, piga mkanda wa rangi ya udongo nyuma ya viti. Mwisho kabisa ndio mkeka na leso, kwa kuwa hivyo ni viungo, na viungo hutiwa chungu kikiwa kinaelekea kuiva.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Rangi moja nayo haipambi nyumba. Lakini tatu zikipangwa vyema, kila moja ikiwa na kazi yake, familia yako itapika na kula pamoja, mpishi atawaona watoto wake, nao watajua wakomee wapi. Na siku ukipita Kilifi, usiishie baharini. Panda gari la Ganze uende ukajionee mwenyewe.